Mfarishi wa Viraka na Namna ya Kuupima

Mtu atakaye kununua mfarishi wa viraka, au kuurithi, au kuushona kwa mkono wake mwenyewe, aghalabu huanza kwa kuutazama ukiwa umetandazwa, akavutwa na rangi zake na nyota zake, na papo hapo akatoa hukumu. Ilhali mfarishi haukushonwa kwa ajili ya macho peke yake, bali ni nguo ya kujifunika, itakayolala juu ya kifua cha mtu na kukaa karibu na pua yake usiku kucha kwa muda wa miaka mingi. Kwa sababu hiyo mahakimu wake ni watatu: jicho, kipimo na mwili. Jicho huridhika upesi na hudanganyika upesi. Kipimo hakina upendeleo. Na mwili, yaani ngozi na pumzi, huchelewa kutoa hukumu yake, lakini ikisha kutolewa haina rufani. Wajuzi wengi wa kazi hii huwasikiliza wawili wa kwanza wakamsahau wa tatu, na katika kusahau huko husifu mifarishi ambayo mwenye nayo hawezi kujifunika.

Sheria ya mshonaji

Mfarishi, kwa maana tunayoikusudia hapa, ni nguo ya tabaka tatu: uso, wenye viraka na nakshi, moyo, ambao ni pamba au sufu iliyotandazwa kuleta joto, na bitana, iliyo upande wa chini, na zote tatu hushikamanishwa kwa bandi zinazopenya toka juu hata chini. Wako waliouacha uso uwe kitambaa kimoja kitupu, wakaziachia bandi kazi yote ya kupamba, kama walivyofanya mafundi wa Wales na wa kaskazini ya Uingereza. Na wako waliokata vitambaa vidogo vidogo na kuviunga kwa ruwaza zenye majina, kama wanawake wa Marekani wa karne ya 19, waliotuachia Nyumba ya Magogo, Mabata Bukini Warukao na Nyota Pweke.

Liko na kundi la tatu, ambalo mwamuzi asiyelijua hulidhulumu. Katika kijiji cha Gee's Bend, kwenye kizingo cha mto Alabama, wajukuu na vitukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba walishona mifarishi kutokana na nguo kuukuu za kazi, na katika miaka ya 1970 kutokana na mabaki ya kodrai, kila mshonaji akiifuata njia yake pasina kigezo cha kununua. Na kazi hizo zilipotundikwa katika jumba la sanaa la Houston mwaka 2002, na baadaye New York, watazamaji walizilinganisha na picha za wachoraji mashuhuri wa karne ya 20, hata mwaka 2006 posta ya Marekani ikazitia katika stempu zake. Walio karibu zaidi nasi kwa nasaba ni Wasiddi wa Karnataka, kusini-magharibi ya India, ambao wahenga wao walivushwa Bahari ya Hindi kutoka Afrika: mwanamke wa Kisiddi hutandika sari kuukuu, akaanza kupachika viraka kwenye pembe moja, akazunguka ukingoni, akaelekea ndani duru baada ya duru mpaka bandi zikutane katikati, na mfarishi huo, uitwao kawandi, hauhesabiwi kuwa umekwisha mpaka pembe zake zitiwe vitambaa vilivyokunjwa pembetatu viitwavyo phula, ambavyo bila ya hivyo mfarishi huwa kama mtu aliyetoka bila ya nguo.

Basi kabla ya kukosoa mstari uliopinda, mwamuzi na aulize kama mshonaji alikusudia unyooke. Kawandi yenye mistari ya kupindapinda haina kosa lolote, maadamu bandi zake zinafuatana kwa mwendo mmoja na viraka vyake havikuinuka. Lakini Nyota Pweke yenye ncha moja iliyokatika ina kosa, kwa kuwa aliyeishona alijifunga mwenyewe kwa sheria ya handasa, naye hupimwa kwa sheria aliyoichagua.

Jicho na vyombo vyake

Kwa wale walioichagua handasa, usanifu hutangulia mkasi. Chombo cha kale ni karatasi ya miraba na kalamu ya risasi, na hata leo hakijapitwa na wakati, maana mkono unaochora kila kipande hujua kila mshono kabla haujashonwa. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazochora mfarishi mzima kwa dakika chache, zikaujaza picha za vitambaa, zikahesabu na yadi zinazotakiwa. Na katika hisabati programu hizo ni watumishi waaminifu, bali katika rangi hazina budi kutiliwa shaka, kwa kuwa kioo chenye nuru yake chenyewe hakionyeshi namna kitambaa kinavyomeza nuru ya dirishani, wala hakimwonyi mtu kwamba ua kubwa la kitenge, likisha kukatwa kipande cha inchi mbili, si ua tena bali ni doa. Mfarishi uliosanifiwa kwenye kompyuta ukaishia huko huko hujulikana kwa dalili moja: rangi ni nyingi na zote zina uzito mmoja, hata ukiusogelea ni mzuri, na ukirudi nyuma hatua kumi ruwaza yote imezama.

Uzito huo, yaani weusi na weupe wa rangi, ndio mhimili wa usanifu, kwa sababu ruwaza husimama kwa tofauti ya giza na mwanga kabla ya kusimama kwa tofauti ya buluu na manjano. Mwamuzi ana njia tatu za kuupima: kufumba macho nusu, kuutazama mfarishi kwa darubini iliyogeuzwa, ionyeshayo vitu kwa mbali na kwa udogo, na kuutazama kwa kipande cha plastiki angavu chekundu, kinachofuta majina ya rangi na kubakiza giza na mwanga tu. Hicho cha tatu kina hila yake, maana kitambaa chekundu kikitazamwa kwa plastiki nyekundu huonekana cheupe kuliko kilivyo, na kwa hiyo penye wekundu mwingi hutumika ya kijani.

Chombo cha mwisho cha jicho ni ukuta wa flaneli, ambao vipande huganda juu yake pasipo pini, mshonaji akavihamisha na kuvitazama kwa siku kadhaa kabla ya kuviunga. Mfarishi uliopitia ukuta huo haukosi utulivu: hutaona vitambaa viwili vya namna moja vimegongana kwa bahati mbaya, wala kona moja iliyolemewa na giza. Lakini flaneli hiyo hiyo inayoshika vipande hushika na vumbi na mafumba ya pamba, nayo isipofuliwa mara kwa mara humrudishia mshonaji vumbi hilo usoni kila anapobandua kipande. Habari ya vumbi tutairejea.

Kipimo

Mshono wa kuungia viraka ni robo inchi, na robo hiyo ndiyo kadhi wa kazi nzima. Mtu akikosea kwa sehemu moja ya 16 ya inchi tu, ataona si kitu. Lakini mshono hula pande mbili, kwa hiyo kila mshono umepoteza sehemu moja ya nane, na safu yenye mishono 16 imekuwa fupi kwa inchi mbili kamili, na safu ya jirani yenye mishono michache haitakubali kulingana nayo isipokuwa kwa kuvutwa. Mvuto huo ndio uutafutao unapotandaza mfarishi sakafuni: pima upana wake juu, katikati na chini, kisha pima mishazari miwili, na vipimo vikitofautiana, au kingo zikicheza mawimbi, ujue palikuwa na deni la robo inchi lililolipwa kwa nguvu.

Katika pembetatu kipimo kina siri zaidi. Atakaye mraba wa inchi 4 ulioungwa kwa pembetatu mbili hukata miraba ya inchi 4 na sehemu saba za nane, kisha huipasua kwa mshazari. Na sehemu hizo saba za nane hazikubuniwa, bali zatokana na handasa, kwa kuwa robo inchi kwenye ukingo wa mshazari hudai kitambaa kingi kuliko kwenye ukingo ulionyooka. Asiyeijua hesabu hiyo huzikata ncha zake kwa mshono, na nyota yake huwa butu. Nyota Pweke ndiyo mtihani mkubwa: vipande vyake vinane hukutana katikati kwa nyuzi 45 kila kimoja, na kila kimoja kikizidi kwa nyuzi moja tu, zimezidi nyuzi nane ambazo hazina mahali pa kukaa, basi kitovu huinuka kikawa kituta ambacho pasi haikiwezi. Weka kiganja juu ya kitovu cha nyota, nacho kitakueleza kuliko macho.

Zamani vigezo vilikatwa kwa karatasi ngumu, na kalamu iliyopita pembeni mara mia ilizila pembe zake, hata kiraka cha mwisho kisifanane na cha kwanza. Mwaka 1979 kampuni ya Kijapani ya OLFA ilitoa kisu cha gurudumu, nacho pamoja na rula pana ya plastiki angavu na mkeka wa kukatia kiliigeuza kazi, kwa kuwa tabaka kadhaa za kitambaa ziliweza kukatwa kwa mpito mmoja ulionyooka. Tangu hapo unyoofu si fahari kubwa tena katika mfarishi mpya, na mwamuzi asiutoze bei ya ustadi wa kale.

Na alama za kuchorea bandi zisisahauliwe. Chaki hufutika, wino wa buluu unaotoka kwa maji, ukipigwa pasi kabla haujaoshwa, waweza kuganda milele, na ule unaotoweka kwa joto la pasi haukutoka, bali umejificha, nao hurudi mfarishi ukipata baridi kali.

Moyo na bitana

Wapwani wasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nao hawakuwa na haja ya kuuona mfarishi ili kuujua. Uinue kwenye nuru ya dirisha: moyo mzuri huonyesha kivuli kimoja, na moyo mbaya huonyesha mabonge na mapengo. Pamba safi isiyosindikwa hudai bandi za karibu karibu ili isijikusanye ikifuliwa. Sufu hutoa joto jingi kwa uzito mdogo. Poliesta ni nyepesi na haina gharama, lakini ya hali ya chini hupenyeza nyuzi zake nje ya kitambaa, na kwenye uso mweusi huonekana kama ndevu nyeupe. Sufi, tuijuayo kwa mito, haifai, kwa kuwa nyuzi zake ni fupi na telezi, hazishikani.

Muuzaji akisema ni pamba tupu, omba uzi mmoja uutie moto mbali na kitu kingine: pamba huwaka kama karatasi ikaacha jivu laini, sufu hunuka nywele zilizoungua, poliesta huyeyuka ikaacha tone gumu. Kisha geuza upande wa bitana, uzitazame bandi. Bandi ndogo ni sifa, lakini bandi zilizo sawa ni sifa kubwa zaidi, na bandi nane kwa inchi zenye mwendo mmoja zashinda 12 zinazokimbia na kusimama. Mafundo yawe yamezamishwa ndani ya moyo, yasionekane juu wala chini.

Ngozi na pumzi

Hapa ndipo wajuzi hunyamaza. Mshonaji wa mifarishi hukaa miezi na kitambaa mapajani, akikipiga pasi, akikikata, akivuta hewa ya mafumba yake. Naye huweza kupatwa na chafya, macho yenye machozi, pumu, au ukurutu wa vidole, akadhani ni mafua au uzee. Sababu zake zajulikana, na kila moja yaacha alama katika kazi yenyewe ambayo mwamuzi aweza kuitafuta.

Ya kwanza ni dawa za kiwandani. Kanga mpya huwa na dondo, nalo hutoka kwa maji. Lakini vitambaa vingi vya pamba vinavyosifiwa kuwa havikunjamani vimetiwa utomvu unaotoa formalini, ile ile ihifadhiyo maiti, na mvuke wa pasi huipandisha moja kwa moja machoni na puani. Kukifua kitambaa kabla ya kukikata hupunguza madhara hayo, pia hukiondolea usinyaaji na rangi ya ziada. Kwa hiyo nusa mfarishi kwenye mikunjo yake, na upitishe kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya nyekundu na buluu iliyoiva. Ukipata harufu kali au doa la rangi, ujue ulishonwa kwa kitambaa kisichofuliwa, nao utakaposinyaa utasinyaa kwa namna ambayo hesabu ya robo inchi haikuitarajia. Hapa Wasiddi na mabibi wa Gee's Bend wametutangulia pasipo kukusudia, kwani nguo iliyofuliwa kwa miaka mingi juu ya mwili wa mtu haina dondo wala dawa iliyosalia.

Ya pili ni vyombo vyenyewe. Kastabini na pini nyingi hupakwa nikeli, ambayo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa ngozi; na mpira uvaliwao kidoleni ili kuvuta sindano huwadhuru wenye mzio wa utomvu wa mpira. Kuna dawa ya majimaji ipakwayo kwa pamba, ambayo ikigusa nikeli hugeuka rangi ya waridi, na fundi mwenye vidole vinavyopasuka hana budi kuvijaribu vyombo vyake vyote kwayo, kisha ahamie kwenye kastabini ya ngozi. Gundi ya kupuliza, inayoshika tabaka badala ya bandi za kushikizia, huharakisha kazi, lakini mvuke wake ni adui wa mwenye pumu. Nayo hujulikana kwa ugumu unaobaki moyoni mwa mfarishi.

Ya tatu ni wadudu wa vumbi, wasioonekana kwa macho, walao magamba ya ngozi yetu na kunyonya unyevu kutoka hewani, ndiyo sababu nyumba za pwani huwafaa sana. Kinachomdhuru mtu ni kinyesi chao kuliko wao wenyewe. Kufua kwa maji ya nyuzi 60 za selisiasi huwaua na kuondoa kinyesi. Kuugandisha mfarishi kwenye jokofu huwaua bila ya kuondoa kinyesi, na kama ulichorwa kwa wino ule wa kujificha, mistari yote huibuka. Hivyo mfarishi usioweza kustahimili maji ya moto, kwa kuwa rangi zake hutoka au moyo wake hujikusanya, hautamfaa mwenye pumu hata ukiwa na nyota zisizo na dosari.

Anayeshona naye ajue ya kwamba mzio wa ngozi haujitokezi papo hapo: upele wa nikeli au wa rangi huchukua siku moja hadi tatu, na kwa hiyo lawama huangukia kitambaa cha leo ilhali mkosa ni kile cha juzi. Aandike kila siku alichokigusa, na alipeleke daftari hilo kwa tabibu wa ngozi, ambaye hubandika vipimo mgongoni kwa saa 48 na kumtambua mkosa. Apanguse meza kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, na avae barakoa anapokata.

Hukumu

Baada ya mahakimu watatu kusikilizwa, makosa hayana uzito mmoja. Bandi zisizo sawa kidogo husamehewa, na ncha moja butu kati ya mia husamehewa, maana hayo ni makosa ya mkono wa binadamu. Kituta katikati ya nyota na kingo za mawimbi hupunguza bei, kwa kuwa havirekebishiki ila kwa kufumua. Mfarishi wenye rangi inayotoka, moyo unaojikusanya au harufu inayouma macho hauuziki kwa bei yoyote, hata aliyeusanifu awe hodari namna gani.

Kwa hiyo mnunuzi amwulize muuzaji mambo matatu: kama kitambaa kilifuliwa kabla ya kukatwa, moyo ni wa nini, na maji ya joto gani yanaruhusiwa. Fundi wa kweli hujibu yote matatu bila ya kusita, maana aliyaamua mwenyewe kabla hajashika mkasi. Na asiyeweza kuyajibu na alipwe bei ya pambo la ukutani, kwa sababu hicho ndicho alichokishona.